Namna ya Kulifasiri Neno la Kigiriki "Thauma"

Anayekutana na neno thauma katika maandishi ya Kigiriki cha kale, au wingi wake thaumata, huambiwa upesi na kamusi kwamba maana yake ni ajabu, na jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Kabla ya kuandika chochote, chunguza iwapo mwandishi anataja kitu kinachoonekana au hali iliyompata anayekiona, kwa kuwa Wagiriki walitumia neno hilo moja kwa yote mawili.

Kikiwa ni kitu, "ajabu" au "shani" litafaa. Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, akiyasifu magurudumu ya gari la mungu wa kike Hera, husema thauma idesthai, yaani ajabu ya kutazamwa. Mtu wa Lindi ajipimie kwa mifupa ya mjusi mkubwa, yaani dinosaria, iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913: alivyosimamishwa Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na anayemtazama hana budi kuinua shingo. Hapo hapana uchawi wala mkono wa Mungu; pana jicho tu lisilotaka kubanduka.

Ikiwa ni hali, liache "ajabu". Circe, mchawi katika utenzi wa Homer, alipoona dawa yake haikumlevya shujaa Odysseus, alisema thauma m' echei, ambayo neno kwa neno ni "thauma limenishika". Mfasiri mvivu ataandika "ninashangaa", ilhali Kiswahili kina "nimeshikwa na butwaa", ambapo butwaa ndilo linaloshika na mtu ndiye anayeshikwa, sawasawa na Kigiriki chenyewe. Sijui mfasiri angetaka bahati gani zaidi ya hiyo.

"Muujiza" usilitumie ovyo. Katika Matendo ya Mitume 2:22 tunasoma "miujiza na ajabu na ishara", na asili yake ni maneno matatu mbalimbali, dynameis, terata na semeia, ambayo hakuna hata moja kati yake lililo thauma. Katika Agano Jipya lote thauma limetokea mara mbili tu, mojawapo pale Paulo anaposema si ajabu Shetani kujigeuza malaika wa nuru.

Limebaki thaumatopoios, mfanya mazingaombwe, ambaye mwanafalsafa Plato anamtaja katika mfano wake wa pango. Mtwara utashawishika kumwita hivyo mchezaji wa mapiko, ngoma ya Wamakonde, aliyejifunika kinyago na nguo mwili mzima. Mimi nisingeandika hivyo, kwani mazingaombwe ni ya kuwachekesha watu sokoni, na lipiko, yaani mchezaji huyo, huingia uwanjani kwa shughuli ya jando na unyago.