Kaa koko mgonjwa usimrudishe mkondoni

Mnenepeshaji wa kaa koko hutegemea mikoko impe mbegu, yaani kaa wa kunenepesha. Kila kaa anayeingia kwenye kizimba chako ametolewa shimoni huko, akaja na alichokuwa nacho: vidonda, vimelea, virusi. Na maji ya kizimba ni yaleyale ya mkondo. Yakipwa yanatoka kwako na kupita kwenye mashimo ya kaa utakaowahitaji mwakani. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi wa siku ya kupokea. Mkondo ulio wazi huwezi kuutia dawa.

Mpokee kaa mchana, amefungwa magando, na umgeuze chali kwanza. Jike mwenye mayai ana kishada cha punjepunje za rangi ya chungwa, zinazoiva kuwa nyeusi. Huyo mwachie, kwani anashuka bahari kubwa kutotoa. Lakini ukiona mfuko mmoja laini, wa manjano au hudhurungi, usio na punje, umechomoza chini ya mkia uliokunjwa, hayo si mayai. Ni kimelea cha jamii ya sakulina, kinachoshambulia aina nyingi za kaa. Kimeshatandaza mizizi mwilini mwake na kumhasi. Hata dume akishikwa, mkia wake hupanuka akafanana na jike. Ukimwachia kwa kudhani ni wa mbegu, atazunguka mikokoni akimwaga mabuu ya kimelea.

Kisha tazama gamba. Madoa ya hudhurungi yaliyochimbika ni kazi ya bakteria wanaokula gamba, na mara nyingi huanzia kwenye jeraha la kulabu. Doa la juujuu litaondoka kaa akijivua gamba. Shimo lililofika kwenye nyama halitapona kizimbani, kwa hiyo usimnunue. Mimi huwashauri vikundi wamlipe zaidi kidogo mvuvi wa mtego kuliko wa kulabu. Fedha hiyo inarudi.

Matamvua huyaoni mpaka kaa afe. Katika maji mafu yaliyopita, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, niliitwa na kikundi kimoja: kaa saba wamekufa kwa siku mbili, chakula kipo, magando mazima. Nilifunua gamba la mmoja. Matamvua yalikuwa yamekolea tope, na juu yake wamejipanga wadudu weupe wenye vikonyo, kama mchele uliochipua. Ni jamaa za vile vigamba vinavyong'ang'ania chini ya mashua. Hawanyonyi damu, ila wanaziba njia ya maji, na maji yenyewe yakiwa yamelala kaa anakosa pumzi. Sogeza kizimba panapopita maji hata wakati wa maji mafu, mpe kila kaa chumba chake, na wale wakubwa wauze mapema. Kaa mkubwa hujivua gamba kwa nadra, hivyo wadudu wanalimbikizana tu.

Ninachokiogopa zaidi ni ugonjwa wa madoa meupe. Virusi vyake huua kamba wa kufugwa, karibu bwawa zima, ndani ya siku 3 hadi 10. Mwaka 2011 viliingia kwenye mashamba ya kamba ya Quelimane, Msumbiji, na mwaka 2012 vikafika Madagaska. Kaa koko anaweza kuvibeba akiwa mzima kabisa, anakula, ananenepa. Mtu havimdhuru, lakini kamba wa mkondo wako vinaweza kuwamaliza. Kwa hiyo vichwa na maganda ya kamba wa kununua usiwape kaa vibichi. Barafu haiviui virusi hivi. Chemsha mpaka maji yatokote, ipoe, ndipo ulishe. Konokono wa mikokoni na mabaki ya samaki wa hapohapo ni salama zaidi. Na usilete kaa hai kutoka ghuba ya mbali, hata kama bei inavutia.

Aliyekufa asitupwe majini, hata kipande. Mfukie juu ya mstari wa bamvu, mahali maji makubwa hayafiki, na chumba alichokuwamo ukikaushe juani kabla ya kukitumia tena.

Vifo vikizidi vya kawaida, mjulishe afisa uvuvi siku hiyohiyo. Mpelekee kaa anayekaribia kufa, angali anachezesha miguu, ndani ya sanduku la barafu. Aliyelala kizimbani tangu jana kwa joto letu ameshaoza, na maabara haitapata kitu kwake.