Kabla ya kugawa viwanja penye kiwanda cha zamani cha nguzo

Kiwanda cha kutia dawa nguzo za miti kikifungwa, kijiji huona eneo tambarare, lenye barabara ya malori na pengine umeme tayari. Huku Mufindi, mkoani Iringa, ambako milingoti na paina ndiyo inayosomesha watoto, eneo la namna hiyo halikai wazi muda mrefu. Wengine watataka soko, wengine zahanati, vijana watataka uwanja. Nawaelewa. Ila naomba jembe lisishuke pale kabla hamjawatafuta waliokuwa wakifanya kazi humo.

Simaanishi meneja tu. Mtafuteni kibarua aliyekuwa akiingiza nguzo kwenye silinda, chombo kirefu cha chuma ambamo nguzo hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na kuzitoa. Dawa iliyotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki (hii ya mwisho ni sumu kali), ile inayoupa mti rangi ya kijani. Silinda ikifunguliwa, nguzo hutoka zikichuruzika. Zililazwa wapi usiku ule: kwenye zege au kwenye udongo mtupu? Tope la chini ya tangi lilitupwa shimo gani? Mapipa matupu yalichukuliwa na nani, na leo yamehifadhi nini? Kuna mahali palipotumika kreosoti, ile nyeusi inayonuka kama lami? Tembeeni naye hatua kwa hatua, mchore ramani kwenye karatasi, hata kama mistari imepinda. Fanyeni hivyo kabla majengo hayajabomolewa, maana ukuta ukishaanguka hata aliyefanya kazi pale miaka kumi hupotea.

Ramani hiyo ndiyo itakayoonyesha pa kuchukua sampuli. Maabara hupima udongo iliopelekewa. Mkipeleka wa getini, mtaletewa jibu la getini. Chukueni wa juu, wa nusu mita na wa mita moja, kila kina na chombo chake. Ongezeni sampuli ya upande wa juu wa mteremko ambako hakuna kazi iliyofanyika, kwa sababu udongo wa asili nao huwa na aseniki kidogo, na bila kulinganisha hamtajua kipi kimeletwa na kiwanda. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya. Waulizeni kwanza vyombo na gharama.

Udongo wetu mwekundu una chuma nyingi, na chuma huishika aseniki, hivyo mara nyingi hubaki karibu na juu. Haikimbilii kisimani upesi, lakini iko palepale watoto wanapochezea na kutia vidole mdomoni. Kinachotembea zaidi na maji ni kromiamu ile wataalamu wanayoiita ya sita, aina yake yenye sumu. Kwa hiyo pimeni maji ya visima na ya vinyungu, yaani bustani za bondeni, kiangazi mara moja na mvua zikikolea mara moja. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa aseniki katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, aseniki inabaki.

Vipande vya nguzo vilivyosalia visiwe kuni, hata kwenye shughuli. Vikichomwa, aseniki hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, ambayo kwetu humwagwa bustanini.

Halmashauri ya kijiji isitie saini ya kupokea ardhi kabla ya majibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi abebe gharama, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) linaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira. Ni rahisi kumdai mmiliki akiwa bado na hati mkononi kuliko baada ya kuaga.

Majibu yakija mabaya, si lazima eneo lote liachwe. Palipochuruzika dawa panaweza kuzibwa kwa zege na kuwa maegesho ya malori au soko la mbao. Zahanati, shule na bustani ziende upande uliopimwa ukaonekana salama. Udongo mbaya usichotwe kwenda kuziba mashimo ya barabara.

Ile ramani ya kibarua, pamoja na majibu ya maabara, viwekwe kwenye jalada la mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na nakala iende wilayani. Visibaki kwenye simu ya mtendaji, kwa kuwa watendaji huhamishwa.