Jinsi ya kutengeneza vitufe vyako kwenye skrini ya roboti ya VEX V5

Wanafunzi ninaowafundisha roboti hapa Arusha walizoea kuandika programu mbili, moja kwa kila njia ambayo roboti ingepita, kisha kuhangaika kutafuta ipi ni ipi mechi inapokaribia. Programu moja yenye vitufe viwili inatosha. Tunatumia lugha ya Python ndani ya VEXcode V5, programu ya kuandikia msimbo wa roboti hizi.

Hatua ya 1: Chora karatasini

Kwenye skrini ya Brain (kompyuta ya roboti), programu yako inapewa eneo la pikseli 480 kwa upana na 240 kwa kimo. Sifuri iko kona ya juu kushoto, na y inaongezeka ukishuka, kinyume na grafu za hisabati. Waeleze watoto hili mapema. Kitufe cha 200 kwa 120 kinalengeka hata kwa mtu mwenye haraka. Acha nafasi kati ya viwili.

Hatua ya 2: Weka vipimo mahali pamoja

Skrini haijui kitufe ni nini. Inachora mstatili, na inajua kidole kimegusa wapi. Kuviunganisha ni kazi yako. Kwa hiyo namba za kuchorea na za kukagulia mguso lazima ziwe zilezile:

```
from vex import *
brain = Brain()
vitufe = [[20, 60, 200, 120, "MERU"],
          [260, 60, 200, 120, "MLANGO"]]
chaguo = -1
```

Sisi hatuandiki KUSHOTO na KULIA, maana kushoto kwa roboti ni kulia kwa aliyesimama akiitazama, na watoto hubishana hapo hadi muda unaisha. Tunataja upande wa dirisha linaloangalia Mlima Meru na upande wa mlango. Mkienda kushindania kwingine, badilisheni majina.

Hatua ya 3: Chora

```
def chora():
    brain.screen.clear_screen()
    for i in range(2):
        x, y, w, h, jina = vitufe[i]
        rangi = Color.BLUE
        if i == chaguo:
            rangi = Color.RED
        brain.screen.set_fill_color(rangi)
        brain.screen.draw_rectangle(x, y, w, h)
        brain.screen.print_at(jina, x=x+60, y=y+65)
```

Hatua ya 4: Pokea mguso

```
def guswa():
    global chaguo
    gx = brain.screen.x_position()
    gy = brain.screen.y_position()
    for i in range(2):
        x, y, w, h, jina = vitufe[i]
        if x <= gx <= x+w and y <= gy <= y+h:
            chaguo = i
    chora()

brain.screen.pressed(guswa)
chora()
```

Ni `pressed`, si `pressing`. Hiyo ya pili ukiiweka ndani ya `while` hujibu muda wote kidole kikiwa juu ya kioo, na mguso mmoja unahesabika mara nyingi.

Jaribu kugusa nafasi iliyo kati ya vitufe viwili: rangi isibadilike.

Hatua ya 5: Tumia chaguo

Usiwashe mota ndani ya `guswa`. Brain imefungwa juu ya roboti yenyewe, na mkono wa mtoto bado uko pale. Kitufe kichague tu. Mwendo uanze kwenye sehemu ya kujiendesha ya programu, ambako `chaguo` 0 ni njia ya Meru na 1 ni ya mlango. Ikiwa bado ni -1, yaani hakuna kitufe kilichoguswa, roboti isimame ilipo.