Unaenda Unguja kukaa na kusoma taarab? Andaa masikio kwanza

Mtu akishapata nafasi ya kwenda kukaa Unguja wiki mbili tatu kusoma taarab, iwe kwenye chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kilichoanza 2002 au kwa mwalimu binafsi hapo Mji Mkongwe, swali la kwanza huwa ni nibebe ala gani. Ala zipo, walimu wa udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), fidla na kodiani wapo. Kinachowachelewesha wageni wengi ni masikio. Mwalimu anaimba noti, mwanafunzi anaisikia kama imepotoka kidogo, anairekebisha kichwani mwake alafu anairudisha vibaya, na siku za mwanzo zote zinaishia hapo wakati kila kitu kimeshalipiwa.

Noti hiyo haijapotoka. Ukiwa umekulia kwenye kinanda cha kanisani au gitaa la freti, vile vichuma vya kukata shingo yake, sikio lako linajua toni na nusu toni basi, lakini maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama bayati, rasti na sika zina noti zinazokaa katikati, ile robo toni. Udi hauna freti ndo maana kidole kinaweza kusimama popote, na kanuni ina vichuma vidogo pembeni vya kupandisha au kushusha nyuzi kidogo tu. Haya huwezi kuyapata kwa kusoma, ni kusikia na kusikia tena. Kwaiyo kama una mwezi mmoja kabla ya safari chukua maqamu moja tu, mi napendekeza bayati, tafuta taksimu, yaani vipande vya kubuni papo hapo, za udi peke yake, sikiliza kila asubuhi kabla hujashika simu kwa mambo mengine, na uimbe kwa mdomo uliofungwa pamoja nayo. Usiitafute hiyo noti kwenye kinanda, haimo.

Nyimbo nazo zina namna yake ya kusikilizwa. Chukua wimbo mmoja ukae nao wiki nzima. Siku ya kwanza fuata maneno tu, maana taarab ni shairi kabla ya kitu kingine, mistari mingi ina mizani kumi na sita iliyokatwa nane kwa nane, hesabu kwa vidole mpaka uone mwimbaji anavuta wapi na anapumua wapi. Kesho yake fuata fidla, sikia zinavyomjibu mwimbaji kila akinyamaza. Siku nyingine ngoma, siku nyingine besi. Ukifika siku ya tano utashangaa kuna kitu kilikuwemo muda wote na hukukisikia.

Usizikimbie rekodi za zamani kwa sababu zinakwaruza. Mwimbaji Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alienda kurekodi Bombay mwaka 1928 na ala chache tu, na huo uchache ndo unaokusaidia, unasikia kila mkono unafanya nini. Ukizoea hapo ingia kwenye vikundi vikubwa, Nadi Ikhwan Safaa ya tangu 1905 na Culture Musical Club ya 1958, utasikia fidla nyingi zinaenda pamoja kama mtu mmoja. Msikilize na Bi Kidude, aliyefariki 2013, hasa jinsi alivyokuwa anaiachia sauti bila kuilainisha. Taarab ya kisasa ya vinanda vya umeme ni tamu sana kwenye sherehe, ila kwa mazoezi ya sikio iache kwanza. Na hedifoni zisipite asilimia sitini ya sauti ya simu, ndo ushauri wa Shirika la Afya Duniani, unaenda kutumia masikio usiyachoshe kabla.

Kuhusu muda wa kwenda, cha kwanza angalia Ramadhani imeangukia lini, maana kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na mwezi ule maonyesho ya taarab yanasimama na ratiba ya mchana inabadilika yote. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha zuri limeanza 2004, lakini mji unajaa na wapigaji wengi wanakuwa na maonyesho, kwa kusoma kwa utulivu mi nisingechagua wiki hiyo. Masika, Machi mpaka Mei, vyumba vinashuka bei ila mvua kwenye bati inameza kila kitu na unyevu unatesa mbao za ala. Ningechagua Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unapoza, ingawa watalii ni wengi kwaiyo weka chumba mapema, na ukiulizia chumba uliza kama kuna jenereta au baa karibu maana vichochoro vya kule vinabeba sauti mbali. Adhana ya alfajiri itakuamsha, tulia usikilize kwa heshima, hizo maqamu unazozisoma zimo humo humo.

Mzigo uwe mdogo. Daftari na penseli maana mashairi mengi utaandikiwa kwa kutajiwa, kitambulisho cha kupandia boti, nyuzi za akiba kama una ala yako, nguo za kufunika mabega na magoti, wadada kanga moja mbili. Boti toka Dar ni kama masaa mawili, ala kaa nayo ndani usiiweke nje kwenye chumvi na jua, na ukifika iache kwenye mfuko wake ipumzike kabla hujaanza kukaza nyuzi.

Omba mwalimu akupeleke kwenye mazoezi ya kikundi na kama kuna harusi yenye kidumbak usikose, vile vigoma viwili vya udongo, fidla, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha na sanduku la uzi mmoja la kupigia besi, watu wachache wanatikisa mtaa mzima. Ukikaa mazoezini nyamaza, usirekodi bila kuomba ruhusa. Kwenye onyesho watu wanatuza, anayeguswa na ubeti anainuka taratibu na noti yake ya pesa anampelekea mwimbaji, angalia wenyeji wanafanyaje kwanza ndo na wewe uinuke.

Na siku ya kwanza ukikaa na mwalimu, kabla ya kugusa ala mwambie, shikamoo mwalimu, nimekuwa nasikiliza bayati mwezi mzima, naomba uimbe nikurudishie. Kwa kukusikia tu atajua aanze na wewe wapi.