Nguo ya ngoma haijaribiwi umesimama

Nakaa Mbagala, na kabati la nguo za kikundi chetu liko chumbani kwangu. Nilicheza mpaka goti lilipokataa. Siku hizi kazi yangu ni kubana na kuachia, maana nguo tulishonesha mara moja tu, lakini wachezaji wanabadilika: huyu kaolewa, yule kapata kazi Dodoma, anakuja binti mwembamba kama fimbo kurithi sketi ya mtu aliyeshiba. Kupeleka kwa fundi kila mara ni hela.

Na fundi, Mungu ambariki, hajui unakwenda kufanya nini na hiyo nguo. Anakuvalisha, unasimama kama unapigwa picha ya pasipoti, anabana, unapendeza. Ukifika uwanjani, ngoma ikilia tu, mshono unaachia. Kwangu mimi, ukishavaa, cheza. Chuchumaa, inua mikono yote miwili, kata kiuno, halafu ndiyo tuongee.

Tena kila ngoma ina mahali pake pa kuharibu nguo. Bugobogobo ya Wasukuma inachezwa na majembe. Mikono inapanda, mgongo unainama, kwa hiyo panapopasuka ni kwapani na mgongoni. Sindimba ya Wamakonde ni kiuno, na hapo sketi ndiyo inayoteremka. Mdundiko wa Wazaramo unatembea mitaani, basi pindo refu litakanyagwa na wa nyuma yako. Jua kwanza unacheza nini, ndipo ushike sindano.

Vifaa ni vichache: futi ya kupimia, wembe wa kufumulia, sindano, uzi, chaki au kipande cha sabuni kavu cha kuchorea. Cherehani ikiwepo vizuri. Yangu ni ya mguu, umeme ukikatika mimi naendelea. Lastiki na zipu nanunua Kariakoo. Kama unaongeza kipande cha kitenge kipya, kifue kwanza. Pamba hurudi ikiguswa na maji, na kipande kikirudi baada ya kushonwa kinavuta nguo nzima.

Tuanze na blauzi inayopwaya, maana hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mvalishe ndani nje, shika nguo ya ziada kiunoni na kifuani. Tuseme blauzi imezidi inchi 2 kuzunguka mwili mzima. Usiingie inchi 2 kila ubavu! Una mishono miwili, na kila mshono una pande mbili, ya mbele na ya mgongo. Kwa hiyo kila mshono unaingia ndani nusu inchi tu: nusu ya mbele, nusu ya nyuma, inakuwa inchi 1 ubavu wa kulia, inchi 1 ubavu wa kushoto. Niliwahi kuingia inchi nzima kila mshono, binti akavaa mpaka mabegani, ikagoma, tukamvua watu wawili.

Chora mstari mpya, ukiwa karibu na kwapa uurudishe taratibu mpaka ukutane na mshono wa zamani. Piga bandi kwa mkono, nyuzi ndefu za haraka haraka. Acheze. Akisema, "Anti, nikiinua mkono inapanda tumbo," fumua, rudia. Ikikaa sawa, pitisha cherehani juu ya bandi, kisha chomoa bandi. Ile nguo iliyobaki ndani usiikate, nakuomba. Ilaze kwa pasi. Mwakani atakuja mnene.

Kwapa linalobana halitibiwi kwa kupanua ubavu. Fumua inchi 3 za mshono wa ubavuni kuanzia kwapani kushuka, na inchi 3 za mshono wa mkono kuanzia hapohapo kwenda kwenye kiwiko. Pale mishono inapopishana fumua yote, pabaki tundu lenye pande nne. Kata kipande cha mraba cha inchi 4 kwa 4, nusu inchi kila upande ni ya kushonea. Kona moja ielekee kiwiko, moja ielekee kiuno, mbili zilizobaki zikae mbele na nyuma ya kwapa. Kona shona kwa mkono kwanza, maana ndizo zinazokunjamana. Mkono ukiwa chini kipande hakionekani. Ukipanda na jembe, kinafunguka.

Sketi. Hapa nina aibu yangu. Harusi moja Temeke, niliacha lastiki ya zamani kwa uvivu, nikaifunga fundo. Katikati ya sindimba fundo likaachia. Yule binti alicheza nusu ya wimbo ameshika sketi kwa mkono mmoja, watu wakadhani ni mtindo, wakamtunza hela. Sikumwambia kiongozi mpaka leo.

Sasa nafanya hivi: kiuno cha inchi 30, lastiki ya upana wa inchi 1 nakata inchi 28. Ncha nazipandishia inchi 1, nashona mraba na msalaba katikati. Kwa hiyo inabaki inchi 27 inayobana kiuno cha 30, inashika bila kukata pumzi. Njia ya lastiki iwe na nafasi robo inchi zaidi ya lastiki yenyewe. Ukishaipitisha, shona mstari mfupi wa wima kila ubavu ili isijiviringe. Mchezaji wa sindimba namwongezea na kamba ndani. Simwamini mtu na lastiki peke yake.

Nguo za kuvutika, zile za vijana wa dansi ya kisasa, zinataka sindano ya ncha butu na mshono wa zigizaga. Mshono wa kawaida unakatika ukivutwa.

Usiache pini kwenye satini usiku kucha. Kwa unyevu wa Dar zinashika kutu, asubuhi unakuta madoa ya kahawia.

Siku ya onyesho nabeba uzi, sindano na pini sita za kufunga. Nazihesabu kabla, nazihesabu baada. Zikirudi tano, hakuna anayetembea pekupeku hapo ukumbini.