Gari la zamani haliwaki: fuata njia ya moto kabla ya kununua koili

Starta inazungusha injini vizuri, petroli ipo, lakini gari haliwaki. Au linawaka, kisha linamisi (silinda nyingine zinakosa moto) na kukosa nguvu. Wengi hukimbilia Gerezani, eneo la vipuri jijini Dar es Salaam, kutafuta koili mpya, yaani kifaa kinachopandisha volti ya betri ili plagi zitoe moto (cheche). Usiende bado. Koili si rahisi kufa. Pointi (swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili) na kondensa (kinachopunguza cheche kwenye pointi) ndivyo vinavyochoka mapema, na hewa ya Dar yenye unyevu na chumvi ya bahari huzidi kuvidhoofisha. Maelezo haya ni ya magari yenye distributa ya pointi, yaani kifaa kinachogawa moto kwa plagi: Volkswagen Beetle, Land Rover Series, Peugeot 404 na mengine ya enzi hizo. Unahitaji taa ya testa (balbu ndogo yenye nyaya mbili), multimita, fila geji (vibati vyembamba vya kupima mwanya), bisibisi na koleo lenye mpini wa plastiki.

Kwanza hakikisha betri haijachoka na vichwa vyake havina ukungu mweupe. Kisha chomoa kwenye kifuniko cha distributa ule waya mnene wa katikati unaotoka kwenye koili. Ushike kwa koleo, ncha yake ikae kama milimita 6 kutoka kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na kabureta, na mtu mwingine apige starta. Usiushike kwa mkono mtupu. Moto wa bluu unaoruka kwa mlio mkavu maana yake koili, pointi na kondensa vinafanya kazi. Tatizo liko mbele, kwenye rota (kinachozunguka chini ya kifuniko na kupeleka moto kwa kila waya), kifuniko, nyaya, plagi au taimingi (wakati moto unapotolewa). Moto mwembamba wa njano au mwekundu, au kutokuwa na moto kabisa, kunakurudisha nyuma, upande wa umeme mdogo, yaani wa volti ya betri kupitia swichi, koili na pointi.

Huko taa ya testa inakwambia karibu kila kitu. Bana waya wake mmoja kwenye bodi (chuma cha gari), washa swichi, gusa kichwa cha koili kinachopokea umeme kutoka kwenye swichi. Isipowaka, kosa ni swichi, fyuzi au waya wa njiani. Ikiwaka, hamia kichwa cha pili, kile chenye waya mwembamba uendao kwenye distributa, na zungusha injini polepole. Taa iwake pointi zinapofunguka na izimike zinapofunga. Ikibaki inawaka tu, pointi ni chafu, hazifungi, au distributa haipati bodi. Ikibaki imezimika, chomoa ule waya mwembamba kwenye koili na uguse tena kichwa hicho kwa testa. Ikiwaka sasa, kuna shoti ndani ya distributa: pointi hazifunguki, waya mdogo umechubuka, au kondensa imekufa. Isipowaka, koili imekatika ndani.

Pointi zinastahili muda wako. Toa kifuniko na rota, zungusha injini mpaka kile kikanyagio cha pointi kikae juu kabisa ya nundu ya shafti, ndipo upime mwanya. Kwa Beetle ni milimita 0.4, kwa Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ni kati ya 0.35 na 0.40. Mwanya ukiwa mdogo, pointi huungua na moto huchelewa. Ukiwa mkubwa, moto huwahi, na kwenye mwendo wa kasi koili haipati muda wa kujaa. Nyuso zikiwa na ukungu wa kijivu tu, zisugue kwa msasa laini sana, kisha pitisha kipande safi cha kadi katikati ili vumbi na mafuta ya vidole vitoke. Zikiwa na shimo upande mmoja na kilima upande wa pili, usihangaike kuzisugua: badilisha pointi, na uishuku kondensa. Paka grisi kidogo sana kwenye nundu. Ikizidi hurukia pointi na kuziunguza.

Kondensa mbovu huonyesha cheche kubwa kwenye pointi huku plagi zikipata moto dhaifu. Kipimo cha uhakika ni kuweka nyingine inayojulikana kuwa nzima. Kondensa ya zamani inayofanya kazi usiitupe kwa sababu tu umenunua mpya. Mpya nyingi za bei rahisi hazidumu.

Gari linalozimika kwenye foleni ya mchana na kuwaka tena baada ya nusu saa linawachanganya watu, kwa sababu petroli iliyochemka kwenye bomba hufanya hivyohivyo. Pima moto palepale lilipozimika. Kama moto haupo, na ukarudi injini ikipoa, koili au kondensa inashindwa na joto. Koili ya volti 12 isiyotumia rizista ya nje (kipande kinachopunguza mkondo) husoma takriban omu 3 kati ya vichwa vyake viwili vidogo. Ya kutumia rizista husoma kama omu 1.5. Ukifunga hii ya pili bila rizista yake, mkondo huwa karibu mara mbili, na pointi huungua mapema. Pia usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezimika: pointi zikiwa zimefunga, koili inapikika.

Wakati wa masika, au baada ya injini kuoshwa, anza na kifuniko. Kikaushe ndani na nje, tafuta ufa au mstari mweusi kama wa penseli. Mstari huo ni njia ya umeme kutoroka na haufutiki, badilisha kifuniko. Angalia kaboni ya katikati kama ipo na inabonyea. Usiku, kwenye giza, nyaya zinazovuja huonekana zikirusha cheche. Ukirudisha nyaya, fuata mpangilio wa silinda zinavyowaka: Land Rover 1-3-4-2, Beetle 1-4-3-2. Plagi za Beetle zipe mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7.

Taimingi iwe ya mwisho, kwa sababu kila ukigusa mwanya wa pointi taimingi nayo husogea. Zungusha injini kwa mkono, kuelekea upande wake wa kawaida, mpaka alama ya puli ilingane na ile iliyotajwa kwenye kitabu cha injini hiyo, rota ikielekea waya wa silinda namba 1. Unganisha testa kwenye kichwa cha koili kinachokwenda distributa, washa swichi, legeza kibano kinachoshika distributa, izungushe kufuata mzunguko wa rota mpaka pointi zifunge na taa izimike, kisha irudishe polepole kinyume. Pale taa inapowaka tu, kaza.