Gisenyi hadi Kamembe kwa miguu, kisha kurudi: jinsi ya kujipanga ukitokea Goma

Njia ya Congo Nile ina kilomita 227. Inafuata Ziwa Kivu upande wa Rwanda, kutoka Gisenyi, mlangoni mwa Goma, hadi Kamembe, ng'ambo ya mto Ruzizi ukitazama Bukavu. Kwenda na kurudi ni kilomita 454, na safari ya kurudi inataka mpango wake.

Hatua ya 1: Hesabu siku. Kwenda weka siku 10, karibu kilomita 23 kwa siku. Pumzika siku 2 Kamembe, kisha ujipe siku 11 za kurudi, maana mwili haujasahau milima ya kwenda. Chagua Juni hadi Agosti. Mvua za Machi hadi Mei hugeuza udongo kuwa utelezi, na kwenye mteremko hapo ndipo magoti huumia.

Hatua ya 2: Mpaka. Masharti ya barieri hubadilika, kwa hiyo uliza siku mbili kabla: saa za kufungua, karatasi, chanjo. Usivuke na sashe za plastiki. Rwanda ilizikataza mwaka 2008. Unga na karanga vitie ndani ya mifuko ya kitambaa au kopo lenye kifuniko.

Hatua ya 3: Mzigo usipite kilo 10, maji yakiwamo. Chakula beba cha siku 3 tu, masoko yapo njiani. Kwa siku moja: unga wa bugali au mchele gramu 400, karanga gramu 100, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) kavu gramu 50, chumvi na sukari. Maji lita 3, yaliyochemka dakika 3 au yenye dawa iliyokaa dakika 30.

Hatua ya 4: Vitu vya kurudi. Viatu vya pili mpe ndugu wa Bukavu kabla hujaondoka, avivushe hadi Kamembe. Soli iliyolika inateleza, na kidonda cha kisigino huanzia hapo. Ukipita Karongi, katikati ya njia, acha kifurushi kwenye nyumba uliyolala: soksi jozi 2, sabuni, bandeji.

Hatua ya 5: Daftari. Hapa usifanye uvivu. Kila jioni andika saa ya kutoka na kufika, maji yalipatikana wapi, njia panda ipi ilikuchanganya, mteremko ulichukua muda gani. Mteremko wa saa 1 utakuwa mlima wakati wa kurudi: hesabu saa 1 na nusu. Kwenye njia panda geuka nyuma, piga picha. Njia ukiitazama kutoka kusini haifanani na ile uliyoijua, na vibao vingi utavikuta vimekupa mgongo.

Baada ya Karongi vipande kadhaa vinakaribia au kufuata lami. Tembea kushoto, uso kwa magari.

Hatua ya 6: Miguu. Kata kucha siku mbili kabla ya kuondoka. Viatu vizidi kidole kirefu kwa upana wa kidole gumba, kwani mguu huvimba. Ukiteremka, kaza kamba kwenye kifundo, la sivyo kucha zitagonga mbele na kuwa nyeusi. Ngozi ikianza kuwaka, simama hapo hapo, kausha, bandika. Lengelenge likishajaa, toboa pembeni kwa sindano iliyochemshwa, toa maji, ngozi usiivue. Ukiona wekundu unapanda mguuni au homa, acha safari, panda gari uende kituo cha afya.